Kufufua injini ya ndani ya boti iliyolala miaka: mwongozo kamili, na stata iguswe mwisho

Hapa Dar ukipita Kunduchi Pwani, Mbweni au ukavuka Kigamboni hukosi kuona boti imelala juu ya mchanga, ukimuuliza mwenyewe anakwambia injini imekufa. Mimi nimeshafungua kadhaa za namna hiyo na nakwambia kwa dhati, nyingi hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimelala tu, miaka miwili mitatu bila kuzungushwa, na kilichokuja kuziua kabisa ni ile siku ya kuziamsha. Watu wanakuja na betri ya lori, wanapiga stata, ringi iliyoshikana kwenye silinda inakatika, au maji yaliyoingia ndani ya silinda yanapinda konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, hapo sasa ndo kweli imekufa na hela ya kuitengeneza inakuwa kubwa kuliko thamani ya boti.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na ndo nimeiandikia yote haya: hakuna kugusa stata mpaka mkono wako umeizungusha injini duru mbili kamili bila kukwama. Kwanini mbili? Manake injini ya stroku nne inahitaji duru mbili za krankishafti, ile shafti kuu ya injini, ili kila pistoni na kila valvu zimalize kazi zao zote.

Mfano nitakaotumia ni Perkins 4.236 ya boti ya mjomba wangu, dizeli ya silinda 4, inchi za ujazo 236, yani karibu lita 3.86. Nimeichagua manake hii injini ilifungwa kwenye boti na kwenye matrekta ya Massey Ferguson pia, spea zake bado zinapatikana mjini. Ila kama una Yanmar au Lister njia ni ileile, vipimo ndo vinabadilika.

Kabla hujashika spana

Jua kwanza ililala vipi. Kaa na mwenyewe au nahodha wa mwisho umuulize: ilizimwa ikiwa nzima au ilizimika yenyewe njiani? Ilikuwa inachemsha? Moshi wake ulikuwa rangi gani? Boti iliwahi kujaa maji ngamani, yani chini kabisa tumboni mwake, mpaka yakafika kwenye injini? Majibu hayo yanakuokolea wiki nzima ya kubahatisha. Ya mjomba ilizimwa nzima, boti ikapandishwa ipigwe kalafati, hela ya mbao ikakosekana, miaka mitatu ikapita hivyohivyo.

Kama boti yako imezama jana au juzi hilo ni jambo lingine na ni la haraka. Usiiache injini ikauke juani ukisubiri fundi wa Jumatatu. Maji chumvi yakikutana na hewa kutu inaanza siku hiyohiyo. Toa maji yote, suuza kwa maji baridi ya bomba, mwaga oili ya zamani, jaza dizeli ndani ya silinda na kwenye sampo, lile beseni la oili chini ya injini, zungusha kwa mkono, mwaga, rudia, alafu jaza oili mpya, na ukiweza iwashwe ndani ya siku hiyo. Kama huwezi kabisa basi bora hata ikae imezamishwa kwenye maji baridi au dizeli kuliko ikae siku mbili kwenye upepo. Najua inasikika ajabu lakini ni kweli, kisichoguswa na hewa hakiliwi na kutu haraka.

Tukirudi kwa iliyolala. Chomoa stiki ya oili uangalie. Nyeusi haina shida. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yamechanganyika. Lakini stiki safi isikudanganye, maji ni mazito kuliko oili kwa hiyo yanakaa chini kabisa ya sampo. Kwenye boti nati ya kumwagia oili mara nyingi huifikii, hivyo pitisha mpira mwembamba kwenye tundu la stiki mpaka uguse chini, vuta kwa pampu ya mkono, na kile kinachotoka kwanza ndo ukiangalie kwenye chupa ya maji iliyo wazi. Kwa mjomba kilitoka kijiko hivi cha maji, huo ulikuwa unyevu tu wa miaka mitatu. Ingetoka nusu lita ningeanza kutafuta gasketi ya hedi au kipoza cha oili kilichotoboka.

Piga picha za simu kila mpira, kila waya, kila bomba, kabla hujafungua chochote, alafu funga kitambaa chenye namba kwenye kila ncha. Nakili na namba iliyogongwa kwenye bloku, utaihitaji dukani.

Kuizungusha

Weka gia katikati. Kama unaona bado nzito fungua bolti za kaplingi ya shafti, manake mara nyingine injini ni nzima, kinachoshika ni shafti, pakingi inayozuia maji pale inapotokea imekauka na chaza na kome wameota kwenye pangaboi. Nimeona mtu amefungua hedi nzima kumbe tatizo lilikuwa huko nyuma.

Sasa toa nozo zote nne, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Legeza mabomba yake ya dizeli ncha zote mbili, usiyakunje, funika kila tundu kwa nailoni safi manake punje moja ya mchanga wa Kunduchi ikiingia kwenye nozo au pampu umeharibu. Legeza nati mbili za kila nozo kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Ikigoma kutoka mwagia mafuta ya kulegeza kutu uiache ilale, usiingize tindo. Ikishatoka chungulia chini ya tundu, kuna washa ya shaba, hakikisha imetoka, watu wanaisahau wanaweka mpya juu ya ya zamani na kompresheni inavuja hapo.

Nozo zikiwa nje, mulika tochi ndani. Alafu changanya nusu dizeli nusu ATF, ile oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki, mimina kama robo kikombe cha chai kwenye kila silinda. Subiri. Kesho yake ongeza. Kila siku jioni jaribu kwa soketi na mpini kwenye bolti ya puli ya mbele, mwendo wa saa ukiwa umesimama mbele ya puli, kwa nguvu ya mkono tu. Usichomeke bomba refu kwenye mpini ili upate nguvu zaidi! Hapo ndo ringi zinapokatika. Ikikataa mbele ijaribu nyuma kidogo, mbele kidogo, unailegeza na sio kuivunja.

Ya mjomba ilichukua siku sita. Tano za kwanza ilikuwa kama unasukuma ukuta. Siku ya sita jioni nilisikia kwanza, mlio mdogo kama mtu amekanyaga kijiti kikavu, alafu nikaona alama ya chokaa niliyochora kwenye puli imesogea kama upana wa ukucha. Nikaacha hapohapo, nikaongeza mchanganyiko, nikaenda nyumbani. Kesho yake asubuhi ikazunguka robo duru, mchana duru nzima. Kama ningeng'ang'ana ile jioni sijui leo ningekuwa naandika nini.

Wakati unazungusha, kava la tapeti liwe limefunguliwa na mtu mwingine aangalie valvu, zote nane zipande na zishuke. Ukikuta moja imebaki chini imeshikana, acha kuzungusha mara moja kabla pistoni haijaigonga, mwagia mafuta ya kulegeza kwenye shina lake, gonga juu taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka ianze kurudi yenyewe.

Wiki mbili zikipita haijasogea hata kidogo basi hedi lazima ifunguliwe. Ukikuta kuta za silinda zina mashimo ya kutu ambayo ukucha unakwama, hapo unaongelea kazi ya karakana na ndo sehemu ya kukaa chini kupiga hesabu kama si afadhali kununua injini nyingine ya mtumba.

Ikishazunguka vizuri, weka vitambaa juu ya matundu ya nozo, geuza duru nyingi ili ile michanganyiko itoke. Uso wako uwe mbali. Alafu mwaga oili yote, badili filta ya oili, jaza mpya ya dizeli 15W-40. Hii oili utaimwaga tena baada ya muda mfupi kwa hiyo hakuna haja ya kununua ya bei mbaya.

Hapohapo kava likiwa wazi seti tapeti, yani ile nafasi ndogo juu ya kila valvu. Kwa 4.236 ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, za kuingiza na za kutoa zote sawa. Njia rahisi: zungusha mpaka valvu za silinda ya 4 ziwe zinapishana, moja inamaliza kufunga nyingine inaanza kufungua, hapo seti za silinda ya 1. Zikipishana za 2 seti za 3, zikipishana za 1 seti za 4, zikipishana za 3 seti za 2. Fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo, sio kwa kulazimisha.

Dizeli, hapa usiwe na haraka

Nusu ya injini zinazogoma kuwaka zinagoma kwa sababu ya dizeli. Dizeli iliyokaa tenkini kwenye joto na unyevu wetu wa pwani inaingia maji, na pale maji yanapokutana na dizeli vinaota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi kama mlenda. Huo ukifika kwenye filta ni dakika kumi imeziba, na unaziba ukiwa baharini sio gatini.

Mimi sitegemei tenki kabisa siku ya kwanza. Chukua dumu safi la lita 10, jaza dizeli mpya ya kituoni, lining'inize juu ya injini, unganisha mpira wa kuvuta NA mpira wa kurudishia dizeli, yote iingie dumuni. Wengi wanasahau wa kurudishia, dizeli inamwagika ngamani na kuchafua kila kitu. Injini ikiwaka vizuri kwa dumu unajua shida zote zilizobaki ziko kwenye tenki na mabomba yake, umeshazitenga. Tenki lioshwe baadaye kwa utulivu, lifunguliwe tundu la kuingiza mkono, lifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na ukikuta halina filta ya kutenganisha maji njiani, ile yenye bakuli la kioo chini, ifungwe. Kwa boti za hapa kwetu naiona ni lazima.

Nozo zipeleke kwa fundi pampu, usizifungue mwenyewe. Atazipima kwenye mashine yake aone zinafunguka kwa presha sahihi na zinapuliza ukungu, sio kudondosha matone. Na ukiwa naye pale usiweke mkono mbele ya nozo inayopulizwa. Dizeli yenye presha ile inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kidogo kama kachomwa sindano lakini mtu anaweza kupoteza kidole au mkono, ikitokea ni hospitali palepale bila kusubiri kesho.

Pampu kubwa ya dizeli, hizi Perkins nyingi zina CAV aina ya DPA ya kuzunguka, usiiguse kama huna sababu. Hakikisha tu kikono cha aksileta na cha kuzimia vinarudi vyenyewe. Cha kuzimia kikiwa kimeshikana kwenye kuzima utapiga stata mpaka jua lizame.

Spea utazipata Gerezani pale Kariakoo, na Ilala kwa za mtumba. Nenda na kifaa cha zamani mkononi, kiwekwe juu ya kaunta kilinganishwe na kipya kwa macho yako. Kitu cha kuelewa ni kwamba vya ndani, ringi, gasketi, filta, washa, vya trekta vinaingia mara nyingi. Lakini vya maji chumvi, yani pampu ya maji ya bahari, kipoza maji, manifoldi ya ekzosi, hivyo ni vya boti tu na trekta halina. Duka moja liliniuzia impela, kile kipangaboi cha raba cha pampu ya maji ya bahari, ndani ya boksi jipya linalong'aa, raba imekauka mpaka ukiikunja jani lake linatoa ufa. Tangu hapo kila impela naikunja palepale kaunta kabla sijatoa hela.

Sasa kutoa upepo. Ukishafunga filta mpya za dizeli mfumo wote una hewa na dizeli haiwaki ikiwa na hewa ndani, inabidi uitoe kwa mpangilio, kutoka kwenye tenki kwenda kwenye nozo. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa kile kimkono cha pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, povu litatoka, endelea mpaka itoke dizeli tupu isiyo na mapovu, kaza skrubu huku ukiendelea kupampu. Ukiona kimkono ni chepesi, hakivuti kitu, usidhani pampu imekufa, ni kwamba kamu iliyo ndani imeisukuma mpaka mwisho, geuza injini duru moja ujaribu tena. Hiki kitu kidogo kimewafanya watu wengi wanunue pampu mpya bila sababu.

Baada ya filta nenda kwenye pampu kubwa. DPA ina skrubu mbili za kutolea upepo, moja ubavuni na moja juu kwenye kava la gavana, yani kidhibiti kasi, fanya vilevile anza ya ubavuni. Mwisho nati za mabomba kwenye nozo, legeza nusu duru tu mbilimbili, aksileta iwe wazi na kikono cha kuzimia kiwe kwenye kuwaka. Hizi zitatoa upepo wakati wa kupiga stata, tutafika.

Maji

Injini ya boti ina maji ya aina mbili kama ina kipoza: maji baridi yanayozunguka ndani ya bloku, na maji chumvi yanayopita nje kuyapoza yale ya ndani, alafu yanaingia kwenye ekzosi na kutoka na moshi. Toa impela ya raba kwenye pampu ya maji chumvi, badilisha hata kama inaonekana nzima. Jani likiwa limekatika lazima ulitafute, litakuwa limekwama kwenye mpira au mdomoni mwa kipoza, na ukiliacha injini itachemsha kila safari hujui kwanini.

Kipoza chenyewe kifungue ncha mbili utoe ule mrija wenye tubu ndogondogo za shaba. Kwa mjomba nusu ya tubu zilikuwa zimezibwa na chumvi iliyoganda kama mawe. Nililoweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikapitisha fimbo nyembamba ya mti, sio chuma, kwenye kila tubu moja baada ya nyingine. Kazi ya asubuhi nzima ila sijawahi kuijutia. Kama kuna kipande cha zinki badili, kile kimewekwa kiliwe na chumvi ili vyuma vingine vipone, kikiisha chumvi inahamia kwenye kipoza.

Elbo ya ekzosi, pale maji chumvi yanapokutana na moshi, ifungue uchungulie ndani. Hapa ndo panaoza kimyakimya na maji yanarudi kwenye silinda kupitia valvu za kutolea moshi. Ukiipiga kwa bisibisi ikatoa mlio mfu au ikabonyea, ichongwe nyingine. Mipira yote ya maji ikandamize, iliyokuwa migumu au yenye nyufa itolewe, na iliyo chini ya usawa wa maji weka klipu mbili kila ncha.

Umeme

Hapa nitapita haraka. Betri nzima iliyotulia isome volti 12.6 hivi, chini ya 12.4 ichajiwe kwanza. Waya mnene wa chini kwenye bloku ufungue, usugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, ufunge tena na upake grisi, huo mmoja tu ndo chanzo cha "stata imekufa" nyingi. Wakati wa kupiga stata volti isishuke chini ya 10 hivi, ikishuka betri imechoka au kuna waya umeoza ndani ya mpira wake, unaonekana mzima kumbe ndani ni unga wa kijani. Beliti ya oltaneta ifungwe mpya.

Siku ya kuwasha

Boti iwe inaelea, imefungwa kamba mbele na nyuma, maji yakiwa yanajaa. Bamvua, yale maji makubwa, ni nzuri kuishusha boti lakini kumbuka kupwa kwake nako kunaenda mbali, usije ukabaki mchangani katikati ya kazi. Angalia pale shafti inapotokea, pakingi idondoshe matone machache kwa dakika, isivuje kama bomba na isikauke kabisa.

Kabla hujarudisha nozo, matundu yakiwa wazi, piga stata sekunde 10, pumzika dakika, rudia, mpaka geji ya oili ipande. Unataka oili ifike kila sehemu kabla ya mlipuko wa kwanza. Alafu rudisha nozo na washa mpya za shaba, kaza nati mbili sawasawa.

Sasa jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Valvu inayoingiza maji ya bahari IFUNGWE wakati unapiga stata mara nyingi. Stata ikizungusha, pampu ya maji chumvi nayo inasukuma maji kwenye ekzosi, lakini injini haijawaka hivyo hakuna moshi wa kuyatoa nje. Yanajaa kwenye bomba, yanapanda, yanaingia kwenye silinda. Nilishafanya hivyo kwenye injini nyingine miaka ya nyuma, tukapiga stata asubuhi nzima valvu ikiwa wazi, mwisho ikafanya mlio mmoja mzito ikasimama, tulivyotoa nozo maji chumvi yakaruka mpaka darini. Iliumiza sana kuiona. Kwa hiyo valvu imefungwa, mtu mmoja amekaa pembeni yake mkono juu ya kikono, na anaifungua ndani ya sekunde chache injini ikishika. Impela haistahimili kukaa kavu kwa muda mrefu.

Na kingine, andaa kipande cha ubao cha kuziba mdomo wa hewa. Injini ya dizeli ya zamani yenye mafuta mengi ndani ya silinda inaweza kukimbia yenyewe, inapanda kasi bila kusikia kikono cha kuzimia, hapo unaziba hewa kwa ubao. Ubao, sio mkono na sio kitambaa, vyote vinanyonywa.

Aksileta wazi, piga stata. Nati za nozo ulizolegeza zitatema povu kisha dizeli, zikaze moja moja. Ya mjomba ilishika silinda mbili kwanza, ikatetemeka kama ina homa, tukakaza nati ya tatu ikaongeza, ya nne ikatulia. Mjomba alikuwa amesimama kwenye tezi, nyuma ya boti, hakusema kitu, akaweka tu kiganja juu ya kifuniko cha injini akakiacha pale.

Usitumie ile spreyi ya kustatia. Joto letu la Dar linatosha kabisa, injini isiyowaka kwa nyuzi 30 ina kasoro, itafute. Spreyi inavunja ringi za zamani.

Ikishawaka macho yaende sehemu mbili. Geji ya oili, isiposoma ndani ya sekunde 10 zima. Na nyuma ya boti, maji yatoke na moshi, yakikosekana nusu dakika zima. Baada ya hapo sikiliza, pitisha mkono karibu na mipira yote, angalia mavujo.

Moshi unaongea. Mweupe mwanzoni ni dizeli isiyowaka vizuri, ukipungua injini ikipata moto ni sawa, usipopungua na kipimo cha maji baridi kinashuka basi gasketi ya hedi. Wa bluu ni oili inaungua, kwa injini iliyolala ipe saa kadhaa, ringi huwa zinaachia zenyewe. Mweusi ni hewa haitoshi au mzigo mzito, angalia filta ya hewa kwanza, alafu pangaboi kama limeota chaza.

Kuiacha ikinguruma taratibu muda mrefu bila mzigo haisaidii, ringi zinahitaji kazi. Ikipata moto, boti ikiwa bado imefungwa kamba imara, ingiza gia mbele, mzigo mdogo, dakika 20, ukiangalia joto. Ikikaa sawa ndo ufikirie kutoka.

Kutoka nje

Safari ya kwanza iwe fupi na uende karibu na pwani. Sisi tulienda upande wa kisiwa cha Mbudya asubuhi, msimu wa kaskazi, maji yametulia. Kipindi cha kusi likipiga mimi nisingejaribu injini ya aina hii nje ya mwamba. Angalia utabiri wa bahari wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usiku ule, nanga iwe tayari juu na sio imezikwa chini ya nyavu, maboya ya kuvaa yawepo kwa kila aliyemo, na mwambie mwenye boti nyingine akae na simu. Beba filta mbili za dizeli, impela, beliti, spana za kutolea upepo, tochi. Boti ya kubeba watu au mizigo kwa biashara iwe imekaguliwa na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kabla haijarudi kazini, injini kuwaka peke yake haitoshi.

Filta ya kwanza itaziba mapema hata kama tenki umeliosha, kwa hiyo ukisikia injini inashuka pumzi taratibu usiogope, punguza, tupa nanga, badili filta, toa upepo, endelea. Tulibadili yetu mara mbili siku ile.

Zikitimia kama saa 10 za kazi mwaga ile oili, itatoka nyeusi na imebeba uchafu wa miaka yote iliyolala, weka oili nzuri na filta mpya ya oili. Kagua tapeti upya injini ikiwa baridi, kaza klipu zote manake mipira mipya inalegea ikishapata moto, angalia pakingi ya shafti na bolti za miguu ya injini. Kila jioni ukirudi funga valvu ya bahari, na kama boti itakaa wiki bila safari, nenda uizungushe.